Jiwe Lililoitwa Mukubwa

Tulipomaliza matanga ya Papa, ndugu zangu waligawana vitu vyake bila maneno mengi. Kaka yangu alichukua baiskeli na koti la kuendea ibada. Mdogo wangu alichukua redio. Mimi niliomba mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa chini ya kitanda. Waliuinua, wakasikia uzito wake na mlio kama wa kokoto, wakaniachia. Hakuna aliyeuliza una nini ndani.

Nilikaa nao siku kadhaa kabla ya kuufungua. Nauza sabuni na mafuta ya kujipaka sokoni Mangobo, na mchana ule mvua ilikuja mapema, nikafunga meza, nikarudi nyumbani kwa Mama, nikakaa kwenye kiti cha Papa. Kifuniko kilikuwa na kutu. Kilipotoka, ilitoka harufu ya risasi ya kuchomelea, pamoja na vanishi ya waya iliyoungua na karatasi za zamani zilizolowa na kukauka mara nyingi. Mtu akipoteza mzazi, watu humwambia kwamba atamkumbuka kwa picha. Mimi picha ya Papa naiangalia bila shida. Harufu ile ndiyo ilinifanya niweke mkebe chini kwanza.

Papa hakuwa na shule nyingi, na mimi pia sina. Alifika sekondari, akaacha, akafuata mzee mmoja fundi wa redio kule Yanonge, akajifunza kwa kutazama. Alipohamia Kisangani alifungua kazi barazani kwetu. Alitengeneza redio, lakini kazi aliyoipenda ni visanduku vya taa. Ni kisanduku cha bati chenye vitu vichache ndani. Unakiunga na betri ya pikipiki, nacho kinawasha taa ndefu nyeupe. Moyo wa kisanduku ni bobine, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi juu ya pete nyeusi. Pete hizo sisi tuliziita mawe. Si mawe kweli. Ni unga wa chuma uliookwa kama tofali, ukawa mgumu na mwepesi kupasuka kama sahani.

Mawe hayo hayakuuzwa popote. Papa aliyatoa kwenye televisheni zilizokufa na kwenye mashine za ofisi zilizotupwa Makiso, katikati ya mji. Hayakuwa na maandishi. Na hapo ndipo tabu yake yote ilipoanzia, kwa sababu mawe mawili yanaweza kuwa na umbo moja, rangi moja, uzito mmoja, lakini moja likawa na nguvu mara nne ya lingine. Nguvu hiyo Papa aliiita kwa Kifaransa, perméabilité, akiitamka polepole kama mtu anayevuka ubao uliolowa. Asiyeijua hawezi kujua azungushe waya mara ngapi. Akizungusha mara chache mno, umeme unapita kwa wingi na kisanduku kinaungua.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, nikamwuliza.

"Papa, hizi mbili zinafanana. Kwa nini unasema haziko moja?"

"Zinafanana kwa macho. Angalia Tonton Faustin na ndugu yake. Baba moja, mama moja. Mumoja anakunywa chai, mwingine anakunywa lotoko. Mawe vilevile. Ingine inakunywa sumaku kidogo, ingine inakunywa mingi."

Tonton Faustin alikuwa jirani yetu, dereva wa toleka, baiskeli ya kubeba watu. Mchana wa jua kali alikuwa akiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya baraza letu na kungoja wateja wamtafute yeye.

"Mimi njo ule wa chai," alisema, kwamba ndiye yeye.

"Ndiyo," Papa akajibu bila kuinua kichwa. "Chai ya mahindi."

Lotoko ni pombe kali inayopikwa kwa mahindi, na hata mimi nilijua. Tonton alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Njia ya Papa ya kulijua jiwe ilikuwa hivi. Alikuwa na kibao kidogo chenye transista moja, kondensa moja, vibanio viwili, na spika iliyotolewa kwenye redio mbovu. Ukibana bobine kwenye vibanio, spika inaimba. Ni sauti moja tu, ndefu, isiyopumua, kama mtu anayeimba na mdomo umefungwa. Jiwe lenye nguvu linaimba chini. Jiwe dhaifu linaimba juu. Ukiongeza waya, sauti inashuka. Ukipunguza, inapanda.

Sasa, katika mawe yote, lilikuwapo moja ambalo nguvu yake ilijulikana. Yule mzee wa Yanonge alilipata likiwa jipya, na karatasi yake, akalizungushia waya mara sitini, akalifunga kwa utepe mweusi wa kitambaa, akabandika kipande cha karatasi na kuandika: 2000. Kabla ya kufa alimpa Papa. Papa aliliita Mukubwa. Mawe mengine yote yaliulizwa mbele ya Mukubwa. Papa alibana Mukubwa, akasikiliza, akaishika sauti ile kooni kwa kuiimba. Kisha akabana jiwe lisilojulikana, lenye ukubwa uleule, akaongeza au kupunguza waya mpaka liimbe kama yeye. Kama sauti zilikutana kwenye waya sitini, jiwe lile lilikuwa ndugu wa Mukubwa. Kama zilikutana kwenye mia na ishirini, alinionyesha vidole.

"Waya mara mbili. Donc nguvu iko ngapi?"

"Nusu."

"Hapana. Waya mara mbili ni nguvu mara mbili ya mara mbili. Jiwe hii iko robo. Andika mia tano."

Niliandika mia tano kwenye daftari lake, na sikuelewa. Kusema kweli, nilielewa jambo lingine kabisa. Papa aliimba kwaya kanisani, sauti ya tatu, na Alhamisi jioni alinichukua kwenye mazoezi. Niliona kiongozi wa kwaya akitoa sauti, na watu mmoja mmoja wakiitafuta mpaka wanaipata. Nikaona Papa barazani akitoa sauti, na mawe yakiitafuta. Kwangu ilikuwa kazi ileile. Niliamini kwamba Papa anafundisha mawe kuimba, na kwamba waya ni kama kamba ya mbuzi: jiwe kaidi linaongezewa kamba mpaka litulie. Nilifikiri siku mawe yote yatakapojua sauti ya Mukubwa, Papa ataenda nayo kanisani.

Baada ya miaka ya kazi, Papa hakuhitaji tena kumbana Mukubwa kila mara. Sauti ile ilikuwa ndani yake. Alikaa, akaanza kuiimba bila kutafuta, na kazi ikaendelea. Mama alisema ameoa nyuki, kwa mvumo ule. Jumamosi moja moja tu Papa alimtoa Mukubwa mkebeni ili ajipime. Aliimba kwanza yeye, kisha akambana Mukubwa, na spika ikaingia palepale alipokuwa, bila mkwaruzo, sauti mbili zikawa moja. Alikuwa akisema, "Tuko pamoja," na kumrudisha. Sikuwahi kumwona akijivunia kitu kingine.

Siku niliyoiharibu kazi yake ilikuwa ya kawaida. Papa alikwenda Makiso kutafuta waya. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya mihogo; nilisikia mchi wake wakati wote huo, kwa hiyo najua haikuchukua muda mrefu. Niliyatoa mawe mkebeni nikayapanga kwenye ubao wa kazi kwa safu tatu, wadogo mbele, wakubwa nyuma, kama kwaya. Mukubwa nilimweka mbele peke yake. Nikachukua bisibisi ya Papa, nikapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikainua mkono kama kiongozi wa kwaya anavyoinua. Niliposhusha, bisibisi ilimgusa Mukubwa ubavuni. Alizunguka, akafika ukingoni, akaanguka kwenye saruji.

Ulitoka mlio mdogo sana. Tik. Kama ganda la karanga.

Nilimwokota. Nilimgeuza pande zote. Utepe ulikuwa mzima, karatasi ya 2000 ilikuwa mahali pake, waya haukuchomoka. Hakuna kilichotoka, hakuna kilichochezacheza. Kwa akili yangu ya wakati ule, kitu kilichovunjika ni kitu ambacho kiko vipande. Sahani nilizivunja, nilijua zinavyoonekana. Mukubwa alikuwa kipande kimoja. Nilimfuta vumbi kwa gauni, nikarudisha wote mkebeni, nikaenda kumsaidia Mama.

Jumamosi Papa alikaa, akaimba, akambana Mukubwa. Sauti hazikukutana. Mukubwa alikuwa juu. Si juu sana, ila hata mimi nilisikia, kwa sababu zile sauti mbili zilipigana hewani, zikatetemeka kama bati linaloguswa na upepo. Papa aliacha kuimba. Akameza mate. Akaimba tena, na sauti yake ikaanguka palepale pa zamani. Mukubwa alibaki juu.

Tonton Faustin alikuwa kwenye nguzo yake.

"Leo umeamka chini, grand frère," alisema, akimwita kaka mkubwa. "Ni maharagwe."

Papa aligeukia kibao. Alibadilisha betri. Alibadilisha transista. Alitoa kondensa akaweka nyingine, akairudisha ile ya kwanza. Mchana wote alifanya hivyo, kwa utaratibu, akiandika. Mwishoni aliweka mikono magotini.

"Bon," alisema. "Iko mimi."

"Wewe nini?"

"Sikio. Sikio yangu imeshuka. Niko naimba chini na sijui."

"Labda jiwe njo imeharibika."

"Jiwe haichoke, Faustin. Mutu njo anachoka."

Fundi mwingine angelifungua jiwe lile. Nimewaza hilo mara nyingi. Lakini utepe ule ulifungwa na mikono ya mwalimu wake, na namba ile iliandikwa na mwalimu wake, na Papa alikuwa mtu ambaye akitofautiana na mkubwa wake, anaanza kwa kujishuku yeye. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Hivyo ndivyo alivyotulea sisi, na ndiyo maana na mimi nilijua mapema nani mwenye kosa nyumbani, ni mdogo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema palepale: Papa, alianguka. Maneno mawili. Sikuyasema, na sababu yangu haikuwa woga wa kipigo, kwa sababu Papa hakupiga. Nilidhani Mukubwa amekasirika. Nilidhani anaimba juu kwa hasira, kwa vile mtoto alimpiga na bisibisi, na kwamba hasira huisha. Nilimpa wiki moja.

Jumatatu yake ilitokea jambo lililonithibitishia. Papa alikuwa amembana Mukubwa tena, akamwinua ubaoni kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, amsogeze karibu na sikio. Na sauti ikashuka. Ikashuka taratibu mpaka pale pa zamani, pale alipokuwa akiimba siku zote. Niliona uso wa Papa ukifunguka.

"Sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa nasikia."

Aliimba naye, wakawa pamoja. Kisha akamweka ubaoni, na sauti ikapanda. Alimtazama muda mrefu. Akaingiza kidole sikioni akakitikisa, kama mtu aliyetoka kuogelea.

Mimi niliona wazi kabisa: Mukubwa anataka kushikwa. Papa akimshika, hasira inapoa. Papa akimwacha, inarudi. Na Papa aliona wazi kabisa jambo lake: sikio linakuja na kwenda. Tulikuwa wawili pale barazani, kila mmoja na uhakika wake, na jiwe lilikuwa limesema ukweli mbele yetu sote wawili.

Mama alimtilia mafuta ya mawese ya vuguvugu sikioni, siku tatu, kisha pamba. Kwenye kituo cha afya cha mtaa walimtazama kwa taa, wakasema sikio ni safi. Papa aliwashukuru. Njiani kurudi aliniambia kwamba waganga ni watu wenye huruma.

Basi akajirekebisha. Alikuwa mtu wa bidii. Kila asubuhi alimbana Mukubwa, akajifunza sauti mpya, ile ya juu, kama mtoto anayejifunza somo. Ilimchukua zaidi ya mwezi kuacha ile ya zamani. Ilikuwa ikimtoka yenyewe, naye anaikata. Halafu akaanza kazi tena kwa sauti mpya. Kwenye daftari, mawe aliyoyapima miezi hiyo yana namba kubwa. Mawe ya elfu moja na mia tano ameyaandika elfu mbili. Kwa namba kubwa, alizungusha waya mara chache.

Kisanduku cha kwanza cha sauti mpya kilikuwa cha maternité, wodi ya wazazi, ya kituo kilekile cha afya. Mama Régine, mkunga, alikuja mwenyewe kukichukua, akakibeba kichwani akiimba. Baada ya siku chache alirudi asubuhi nacho mkononi, kimefungwa kwa kitambaa. Tulisikia harufu kabla hajafika barazani.

"Papa Alphonse, taa yako imetufia."

"Imefia wapi?"

"Mezani. Ilianza kunuka, kisha ikazimika. Mwanamuke alikuwa amelala pale na uchungu. Tumewasha taa ya mafuta, mutoto amefika muzuri, ni kijana. Sikuje kwa hasira. Nimekuja unitengenezee."

"Nitatengeneza."

"Wanataka kumuita mutoto Lumière, mwangaza," alisema Mama Régine. "Nimekataa. Nimewaambia huyu ni wa giza, mumuite jina ingine."

Alikuwa akimtania ili apunguze uzito. Papa alitabasamu kwa heshima. Alifungua kisanduku, akaiona transista imeungua, akaigusa bobine kwa kidole. Alitengeneza kingine, kwa uangalifu zaidi, akimsikiliza Mukubwa kila baada ya waya kumi. Kadiri alivyomfuata Mukubwa kwa uangalifu, ndivyo alivyokosea. Cha pili kiliungua baada ya siku mbili.

Alimpelekea Mama Régine taa ya kawaida ya kununua, akakaa barazani bila kufanya kitu mpaka chakula. Wakati wa kula alimwambia Mama, "Sikio yangu imekwisha." Alisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Mama aliacha kula. Mimi niliendelea, na nakumbuka ilikuwa sombe na samaki mkavu, na nakumbuka nilimaliza.

Baada ya hapo Papa alifunga kazi ya mawe. Mkebe uliingia chini ya kitanda. Alijiunga na Tonton Faustin, akawa anatengeneza toleka, minyororo, breki, mipira iliyotoboka. Hatukulala njaa, na sitasema tulilala njaa. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi yoyote.

Lakini aliacha kwaya. Hili ndilo ambalo limenifanya niandike. Aliacha bila kugombana na mtu. Jumapili moja alikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, na wimbo ulipoanza alifungua kitabu akafuata maneno kwa kidole, mdomo umefungwa. Kiongozi wa kwaya alikuja nyumbani, akamwambia, "Papa Alphonse, unaimba sawa. Tunakukosa." Papa alimpa kiti, akampa maji, akasema atafikiri. Alipoondoka, Papa alisema yule ni mtu mwema, hawezi kumwambia mzee kwamba anaharibu wimbo. Hakuimba tena. Hata nyumbani, hata akinyoa ndevu. Nyumba yetu ilikuwa na mlio fulani tangu nizaliwe, na mlio huo ukaisha, na ilikuwa miezi kabla sijajua ni kitu gani kimepungua.

Ningeweza kusema kwamba sikujua mpaka alipokufa. Ingekuwa rahisi kwangu, na hakuna wa kunipinga. Lakini nilijua. Karibu na meza yangu sokoni kuna fundi wa simu, na siku moja alikuwa na pete nyeusi mkononi, ndogo kama kishikizo. Nilimwuliza kama hizo huharibika. Akaniambia zikianguka hupasuka, na ufa mwembamba kuliko unywele unatosha kuondoa nguvu, hata kama kwa nje huoni chochote. "Ukibana vipande vizuri, nguvu inarudi kidogo," alisema. "Ukiachia, inaenda." Nilikuwa nimeshika mche wa sabuni. Niliuweka chini.

Papa alikuwa bado hai. Aliishi miaka kadhaa baada ya siku ile. Jumapili iliyofuata nilikwenda kumwambia. Nilimkuta chini ya paa la baraza anaziba mpira wa baiskeli, anautafuta upepo kwa kuusogeza karibu na shavu. Nilikaa. Nikaanza hivi:

"Papa, unamukumbuka Mukubwa?"

"Sana," alisema. Akasimamisha kazi. "Ule alinisaidia. Watu wote wa kanisa walinificha kwa upole. Mama yako alinificha. Jiwe moja tu njo ilinieleza ukweli. Ningeendelea kuimba vibaya mbele ya watu mpaka leo."

Alilisema kwa shukrani. Nilimtazama akirudisha mpira karibu na shavu. Nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba aliyemdanganya ni jiwe peke yake, na kwamba watu wote wale walikuwa wakweli, na kwamba miaka yote ile alikuwa na sauti sahihi kooni akaikata kwa mkono wake. Niliwaza: nikimpa hilo sasa, atalifanyia nini? Nikaomba maji ya kunywa. Alinionyesha mtungi. Tukaongea juu ya mvua.

Sijui kama nilimhurumia yeye au nafsi yangu. Nimelipima hilo pia, na sijapata namba.

Basi mchana ule wa mvua, nikiwa kwenye kiti chake, nilikitoa kile kibao kidogo mkebeni. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa pamoja na spika. Nilisugua vibanio kwa kisu mpaka vikang'aa. Betri nilitoa kwenye tochi yangu ya sokoni. Nilimtafuta Mukubwa kati ya mawe kwa vidole, bila kutazama, nikamjua kwa utepe. Karatasi ya 2000 ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Nilimbana.

Spika iliimba, kwa mkwaruzo kwanza, kisha vizuri. Sauti ya juu. Ile aliyojifunza.

Nikamwinua kwa gumba na kidole cha shahada, nikabana. Nilihisi kitu kidogo kikikaa mahali pake chini ya utepe, vipande viwili vikikutana. Sauti ikashuka, ikashuka, ikasimama. Nilikuwa sijaisikia tangu utoto, na mwili wangu uliijua.

Mama alikuwa chumbani, amelala kwa uzee wake na kwa huzuni yake. Nilisikia kitanda kikilia.

"Béa," aliita. "Nani iko naimba?"

"Hakuna mutu, Mama. Ni jiwe ya Papa."

Alikuja mpaka mlangoni akishika ukuta. Alisimama, kichwa upande.

"Ile njo yake," alisema. "Alikuwa anaimba vile, mbele ya sikio yake kuharibika."

"Sikio yake haikuharibika, Mama."

Nikamwambia. Nilianza na ndoo iliyogeuzwa na bisibisi, nikamaliza na Jumapili ya mtungi wa maji. Nilisema polepole, bila kuruka kitu, na vidole vyangu vilianza kuuma, ila sikuachia, kwa hiyo sauti ilikuwa chini ya maneno yangu yote. Mama aliegemea ukuta. Nilipofika mwisho, kidole kiliteleza, na Mukubwa akapanda juu.

Mvua ilikuwa inapungua kwenye bati. Mama alikaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nilingoja aseme lolote ambalo mama anaweza kumwambia mtoto kwa jambo kama hilo.

"Kamata tena," alisema.

Nikakamata.